Kura, Kula na Jalada Jeupe

Kuna mambo mawili niliyojifundisha mwenyewe, gitaa na Kiswahili, na yote mawili niliyajifunza kwa woga.

Gitaa nilijifunza kwa kusikiliza santuri. Nilikuwa nikiinua sindano na kuirudisha nyuma mpaka kipande kidogo kiniingie vidoleni, kisha napiga, nasikia nimekosea, narudia. Sikuwahi kufika mahali nikasema sasa inatosha. Kama mtu aliingia chumbani niliacha kupiga na kujifanya nakaza nyuzi.

Kiswahili nilizaliwa nacho, au ndivyo nilivyodhani. Baba alikuwa askari polisi, Mwislamu wa kaskazini, na mama Mkristo kutoka upande mwingine kabisa wa nchi, na Kiswahili ndicho kilichowaoanisha. Katika kambi ya polisi tulikokulia kila mtu alikizungumza, na kila kitu kilikuwa "hii" au "ile": mtoto hii, viti ile, maji yangu iko wapi. Halafu nikiwa shuleni nikapata kitabu cha sarufi kilichochanika mwanzo na mwisho, nikakisoma, nikagundua kwamba tangu nilipoanza kusema nilikuwa nakosea. Mwingine angecheka. Mimi niliona aibu kana kwamba nimetembea mjini miaka yote bila suruali. Nikaanza kusikiliza idhaa za redio za nchi jirani, nikawa narudia maneno ya watangazaji chini chini, na baada ya muda nikawa siwezi kusikia mtu akikosea bila kumsahihisha. Nilimsahihisha hata mama. Alinitazama tu, akaendelea kupepeta mchele.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini siku ile, nyumbani kwa Mama Cherehani, nilikuwa karibu kutuangamiza sote.

Mama Cherehani ndilo jina tulilompa. Alikuwa mshonaji aliyekimbia kutoka mashariki ya Kongo, akapanga vyumba viwili kule Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani na wateja. Cha nyuma kilikuwa na kitanda chake, jiko la mkaa mlangoni, na gramafoni nzuri kuliko zote nilizopata kuzigusa. Mwenye nyumba wa zamani, Mhindi, alipoamriwa kuondoka nchini pamoja na wenzake wote, alimwachia gramafoni hiyo na kasha la santuri, akamwomba azitunze mpaka atakaporudi. Mama alizitunza. Alituruhusu kuzipiga Jumamosi mchana kwa sharti kwamba tusiweke kikombe juu ya kasha.

Tulikuwa watatu. Mimi, rafiki yangu fundi wa redio, Muganda wa Mengo, na dada mmoja aliyekuwa anasomea uuguzi, mzaliwa wa magharibi ya nchi, mwenye ulimi ambao ungeweza kupasua kuni. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Luganda changu kilikuwa kibovu na cha Mama kilikuwa hakipo. Watu wengi wa Kampala hawakukipenda Kiswahili wakati ule. Kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki. Fundi alikijua kwa sababu wanajeshi walimletea redio zao, na alisema mteja wa namna hiyo ni vizuri umwelewe mara ya kwanza.

Muziki wenyewe ulikuwa ule wa jazi iliyochanganywa na umeme: magitaa yanayolia kama misumeno, vinanda vya umeme, ngoma zinazohesabu saba pale ambapo mtu wa kawaida anahesabu nne. Ndani ya kasha la Mhindi zilikuwamo albamu tatu za aina hiyo, na kwa miezi mingi tulibishana juu ya jambo moja tu: ni ipi yenye ufundi mkubwa kuliko zote? Majina yake ya Kiingereza kila mtu aliyatamka kivyake, na mimi sikuweza kuvumilia, basi tukaziita kwa majalada yake. Jalada Jeupe, Jalada la Kijani, Jalada la Moshi.

Jalada Jeupe lilikuwa langu. Humo mpiga gitaa na mpiga fidla walikwenda pamoja, noti kwa noti, kwa kasi isiyo ya binadamu, na hawakukosea hata mahali pamoja. Nililifunga kwa gazeti ili lisichafuke. Dada muuguzi alitetea Jalada la Moshi kwa sababu ya kinanda chake. Fundi alitetea Jalada la Kijani, na sababu yake ilinikera kuliko zote. Upande wa pili wa santuri ile kuna mahali wanamuziki wote wanakaa kimya ghafla, kisha wanatakiwa kuingia pamoja. Mpiga ngoma anaingia mapema. Anaingia peke yake, amekosea, inasikika wazi. Na kabla hujamaliza kumwonea huruma, besi imeshamfuata, kinanda kimeshapinda kikamfuata, na wimbo wote umehamia mahali alipoangukia.

"Huo ndio ufundi," fundi alikuwa akisema. "Wako hawajawahi kuanguka. Utajuaje kama wanaweza kuinuka?"

Nilimjibu kwamba kosa ni kosa, na kwamba kama ningekuwa mimi ningerekodi upya. Dada muuguzi akasema ningerekodi upya mpaka wenzangu wazeeke.

Tulikuwa na desturi yetu. Ukitetea albamu, lazima uimbe kipande chake kwa mdomo, ala zote unazoweza, na wenzako wakuhukumu. Dada muuguzi alikiimba kinanda chake amefumba macho, vidole vikicheza juu ya goti. Fundi aliimba kosa la mpiga ngoma kwa furaha, "tu-ka-PA", na kila mara alikosea kosa lenyewe. Mimi niliimba nikitetemeka. Nilikuwa nimefanya mazoezi nyumbani, nimejifunika blanketi.

Lazima nieleze kidogo juu ya matamshi ya fundi, maana yote yanakuja kugeukia hapo. Katika Luganda, sauti ya r na sauti ya l ni kama mtu mmoja mwenye kofia mbili. Ikitanguliwa na i au e, inavaa ya r. Kwingine kote inavaa ya l. Kwa hiyo fundi alisema "kira siku" na "albamu bola", na hakusikia tofauti yoyote nilipomwambia ni "kila" na "bora". Nilimrudishia maneno hayo kila Jumamosi. Alinipachika jina la Mwalimu, na hakuwa ananisifu.

Mvutano wetu ulipochosha, ndiye aliyetoa wazo. "Tumalize," alisema. "Tupige kula."

"Kura," nikamwambia.

"Ndiyo. Kula."

"Kula ni chakula. Kura ni ile ya kuchagua. Ku-ra."

Sikumwacha. Nilimfanya atetemeshe ulimi kwenye ufizi, nikamwonyesha kwa kinywa changu, nikamwambia ajifunze njiani akirudi Mengo. Dada muuguzi alisema kwa sauti ndogo kwamba hilo si neno la kumfundisha mtu alitamke kwa sauti, na alikuwa na haki. Kura ilikuwa neno lililofungiwa. Vyama vilipigwa marufuku, na mkusanyiko wa watu wanaochagua kitu, chochote, ulikuwa mkusanyiko wa kuulizwa. Sote tulijua mtu aliyeulizwa swali la namna hiyo, akapakiwa ndani ya gari, na nyumbani kwake wakaendelea kumpakulia chakula kila jioni. Nililijua hilo vizuri kabisa. Lakini r ilikuwa r, na l ilikuwa l.

Jumamosi ya kura ilifika. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mtu anaruhusiwa kubadili mawazo, vinginevyo kila mmoja angechagua albamu yake na tungerudi pale pale. Mama Cherehani alikataa kushiriki. Alisema kwake zote ni sauti ya masufuria yakigombana. Alikuwa mlangoni anageuza sombe kwenye chungu, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, chakula cha jioni cha wanawe waliokwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Dirisha la mbele lilikuwa wazi kwa ajili ya moshi.

Tuliimba vipande vyetu. Tukaweka Jalada la Kijani kwenye gramafoni, na fundi akasimama katikati ya chumba, amenyoosha mkono kama mtu wa hotuba. Alikuwa amefanya mazoezi. Niliona midomo yake inajiandaa.

"Ndugu zangu," akasema, "sasa tupige kurrra."

Ilitoka safi. Ilitoka na r tatu. Ningekuwa mtangazaji wa redio nisingeitamka vizuri zaidi, na kwa nukta moja nilijisikia mwalimu mwenye fahari.

Halafu Mama Cherehani akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Karibu, afande."

Sajini mmoja alikuwa amesimama kati ya vyumba viwili. Alikuwa amekuja kuchukua suruali yake aliyoileta kupunguzwa, akapita kando ya dirisha wakati ule ule. Alikuwa mtu mnene kidogo, amevaa sare, kofia mkononi. Hakuonekana mkali. Alionekana kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajajua ni cha thamani gani.

"Mnapiga kura," akasema. "Kura ya nani?"

Santuri iliendelea kuzunguka. Mpiga besi alikuwa anapanda ngazi zake, na nilitamani anyamaze, na sikuthubutu kunyoosha mkono kuinua sindano. Dada muuguzi alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, hasogei. Nilimtazama fundi. Kisha uso wake ukabadilika, ukalegea, ukawa uso wa mtu wa dukani asiyeelewa bei.

"Hapana, afande," akasema. "Si kula. Ni kula."

"Nini?"

"Tunapiga kula, afande. Chakula. Mama anapika."

Sajini akamtazama. Kisha akanigeukia mimi. Nadhani aliona alama za kaskazini usoni mwangu, urithi wa baba, akaona kwamba mimi ndiye mtu wa kuulizwa.

"Wewe si wa hapa," akasema. "Wewe unajua Kiswahili. Huyu alisema nini?"

Nimerudia dakika hiyo kichwani mara nyingi kuliko kipande chochote cha gitaa. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: alisema kula, afande, hawa ndugu zetu wanachanganya. Neno lilikuwa tayari. Lakini mdomo wangu, uliofunzwa miaka yote kusimamia r na l kama mlinzi wa lango, ulikauka, na lango likafunguka upande mbaya.

"Tunangoja chakura, afande," nikasema.

Nililisikia likitoka. Chakura. Mtoto wa kambini, mtu wa sarufi, chakura. Nikajaribu kulisahihisha papo hapo, na likaja lingine. "Yaani tunataka kukura. Sote. Tukikura tutaondoka."

Sajini alikunja uso. Akamtazama fundi, akanitazama tena, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Hata wewe?" akasema. "Hata wewe wamekuharibu?"

Akacheka mpaka akajifuta jicho kwa kofia. Akasema Kampala ni ugonjwa, mtu anakuja hapa na ulimi mzima na baada ya mwaka hajui kula wala kura. Fundi alicheka naye, kwa adabu, sauti moja chini yake.

Baadaye wenzangu walinisifu. Walisema ulikuwa ujanja wa hali ya juu kujifanya nimechanganya, maana mmoja akikosea ni mashaka, wawili wakikosea ni mazoea. Nilizikubali sifa zile kwa muda, lakini hapa nitasema ukweli. Haukuwa ujanja. Ulikuwa woga mtupu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kosa langu liliangukia mahali pazuri.

Lakini hatujamaliza. Sajini alipomaliza kucheka alisema, "Basi, chakula kiko wapi?"

Sote tukamtazama Mama Cherehani. Tulikuwa tumeshakula makwetu. Chungu kile kilikuwa cha wanawe, na siku zile chumvi yenyewe ilikuwa kitu cha kutafutwa. Hakusita hata kidogo.

"Inaiva, afande," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Hawa batoto banapiga makelele tangu asubui juu ya njaa. Ikaa. Suruali yako nayo nitamalizia upindo hapa hapa."

Akasonga ugali haraka kuliko nilivyopata kuona, akatandika sinia chini, akaweka sombe katikati. Tukanawa. Tukala, watu wanne, mmoja akiwa na bastola kiunoni, na yeye Mama akirudi kwenye cherehani. Nilikula kama mtu aliyefunga siku nzima, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, na ajabu ni kwamba tonge la tatu lilishuka vizuri, na la nne nikalitamani. Mwili wangu ulikuwa umegundua kabla yangu kwamba tutabaki hai.

Sajini aliuliza muziki ule ni wa kabila gani. Fundi akaeleza kadiri alivyoweza, akageuza santuri upande wa pili. Tukasikiliza huku tunatafuna. Pakafika pale pa kimya. Mpiga ngoma akaingia mapema, kama kawaida yake, peke yake.

"Huyo amekosea," sajini akasema, tonge likiwa njiani.

"Ndiyo, afande," fundi akasema.

"Na wenzake wamemfuata." Akasikiliza zaidi. "Vizuri. Wangemwacha huko angeaibika peke yake."

Fundi hakunitazama. Nilimshukuru kwa hilo, maana alikuwa na haki ya kunitazama.

Kisha sajini akataka kuona yale majalada. Akaokota Jeupe kwanza, akalifunua gazeti langu, akaligeuza huku na huku kwa vidole vyenye mafuta ya sombe. Nililiona dole gumba lake likikaa kwenye kona, likiacha alama ya kijani iliyokolea. Siku nyingine yoyote ningeugua. Nilimsogezea na yale mengine.

Mama akaja na suruali, imekunjwa. Sajini akanawa, akashukuru, akasimama mlangoni akavaa kofia. Kabla hajatoka aligeuka akatutazama mmoja mmoja, bila haraka, kwa uso ambao haukuwa unacheka tena lakini haukuwa mbaya pia.

"Siku nyingine mkipiga," akasema, "fungeni dirisha." Na halafu neno la mwisho, likienda naye nje: "Kura."

Au "kula". Tulimsikia akiondoka juu ya changarawe, akimsalimu mtu barabarani, kisha hatukusikia tena kitu.

Dada muuguzi ndiye aliyeanza kucheka, akiwa amejifunika uso kwa mto wa Mama ili sauti isifike mbali. Tukamfuata. Mama Cherehani alicheka huku anatutukana, akituambia kwamba wanawe wakirudi sisi ndio tutakaowaeleza chungu kimekwenda wapi. Fundi alilala chali sakafuni akirudia, ulimi ukitetemeka kwenye ufizi kama nilivyomfundisha, "Tukikura tutaondoka, tukikura tutaondoka," na kila mara alipolisema nilijisikia mwepesi zaidi, kana kwamba mtu ananivua makoti niliyovaa bila kujua yalikuwa mangapi.

Tulipotulia nikamuuliza lile lililokuwa linanikwaruza. "Mwishoni pale. Alisema kura au kula?"

Fundi akageuza kichwa. "Alisema kula."

"Ya chakula?"

"Kwani kuna nyingine?" Alikuwa ananitania, lakini nusu tu. Yeye kweli hakusikia. Dada muuguzi naye alisema hakuwa na masikio wakati ule, alikuwa na moyo tu, unadunda. Mama alikuwa anakusanya vyombo. Katika chumba kile mimi peke yangu ndiye ningeweza kujua kama mtu yule alitusamehe au hakuelewa kabisa, na masikio yangu, ambayo nilijivunia kuliko kitu chochote, yalikuwa yameziba kwa woga wakati yalipohitajika.

Nilingoja wasiwasi uje, ule wa kawaida, wa kuinua sindano na kuirudisha nyuma. Haukuja. Kama alielewa, alikula nasi na akatuambia tufunge dirisha. Kama hakuelewa, alikula nasi na akaenda zake. Kwa vyovyote tulikuwa tumeketi pale, tumeshiba, na jioni ilikuwa bado.

Niliinuka nikafunga dirisha la mbele. Niliporudi fundi alikuwa amepanga majalada matatu sakafuni.

"Mwalimu," akasema, "tumalize au tuache?"

"Tumalize," nikasema. "Tupige kula."

Alinitazama kuona kama ninamcheka. Dada muuguzi akaweka kidole juu ya Moshi, bila kusita. Fundi akaweka chake juu ya Kijani. Nilitazama Jeupe, safi kila mahali isipokuwa ile kona, kisha nikaweka kidole changu kando ya kidole cha fundi.

"Amekosea," dada muuguzi akamwambia Mama.

"Mumufuate basi," Mama akasema, akiwa na sinia mikononi, na akatuomba tumpishe apite.